Aliyetendewa wema ndiye mwenye mtihani: uaminifu na shukrani katika maisha ya Daudi

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Methali hiyo inamwambia aliyetoa asikae kusubiri malipo. Haikumwambia aliyepokea kwamba naye aende zake. Hata hivyo ndivyo wengi tunavyoishi nayo, na ndiyo maana mafundisho mengi juu ya uaminifu humgeukia anayetoa: vumilia, simama na mwenzako, usimwache bwana wako siku ya shida. Ukivisoma vitabu viwili vya Samweli bila haraka unakuta mzigo umekaa upande wa pili. Daudi alitendewa wema na watu wengi sana, wengine wakaulipia kwa shingo zao, na kinachosimuliwa kwa urefu ni kile alichowafanyia baadaye. Mara alilipa vizuri. Mara alichelewa. Kuna mtu mmoja alimlipa mauti. Nitamfuata tangu ujana wake hadi kitandani alipofia, kwa sababu makosa yake katika kupokea ndiyo tunayoyarudia, na njia alizotumia kuyakwepa, pale alipoyakwepa, zinaigika.

Mfadhili wa kwanza ni Yonathani. Mrithi wa kiti cha enzi alimvulia mchunga kondoo joho lake, akampa na mavazi yake, upanga, upinde na mshipi (1 Samweli 18). Siku ile bado ilikuwa rahisi, maana Daudi alikuwa ametoka kumwangusha Goliathi na kila mtu alimpenda. Gharama ilikuja katika sura ya 20, pale mfalme Sauli, baba yake, alipomwambia mwanawe waziwazi kwamba maadamu mwana wa Yese, yaani Daudi, yu hai, yeye Yonathani hatakuwa na ufalme, kisha akamtupia mkuki. Yonathani aliondoka mezani bila kula. Asubuhi yake akaenda shambani na kijana wa kuokota mishale, akatoa ishara waliyopatana. Mpango wenyewe ulikuwa umefikiriwa vizuri: mahali pa kujificha karibu na jiwe la Ezeli, mishale mitatu, na maneno ya namna mbili. Akimwambia kijana kwamba mishale iko upande wake wa huku, kuna amani. Akimwambia iko mbele zaidi, Daudi akimbie. Hata kama wasingepata nafasi ya kuonana, ujumbe ungefika. Mtu anayetaka kumsimamia rafiki aliye hatarini ajifunze hapo, kwamba nia njema bila mpango humwacha rafiki kichakani akisubiri habari.

Kuna jambo husemwa kirahisi juu ya Yonathani, eti alimchagua rafiki akamwacha baba. Andiko halisemi hivyo. Alimkatalia baba yake dhambi, akamtetea Daudi mbele yake uso kwa uso, lakini vita vilipokuja alikuwa ubavuni mwa baba, na walikufa siku moja katika mlima wa Gilboa. Uaminifu wake kwa mmoja haukuhitaji amchukie mwingine. Na katika mazungumzo yale ya shambani aliomba kitu kimoja tu: Daudi asiukatilie mbali wema wake kwa nyumba ya Yonathani, hata siku ile adui zake wote watakapokuwa wameondoka. Daudi akaapa. Tutaona kiapo hicho kilichukua muda gani kutimizwa.

Baada ya kukimbia, Daudi alifika Nobu kwa kuhani Ahimeleki, mikono mitupu, na akasema uongo. Alidai ametumwa na mfalme kwa shughuli ya siri. Ahimeleki akampa mikate mitakatifu na upanga wa Goliathi kwa moyo mweupe. Doegi Mwedomi, mtumishi wa Sauli, alikuwa pale anaangalia. Matokeo yake ni makuhani 85 waliouawa siku moja kwa amri ya Sauli, na mji wao ukapigwa, wanawake na watoto na mifugo. Akaokoka Abiathari peke yake. Alipomfikia Daudi na habari ile, Daudi hakujitetea. Alikiri kwamba siku ile alimwona Doegi na alijua atakwenda kusema, na kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha jamaa yote ya baba yake Abiathari. Kisha akamwambia akae naye, asiogope, kwa kuwa anayemtafuta mmoja wao anawatafuta wote wawili.

Hili ndilo kosa la kwanza la anayepokea msaada, na ni la kawaida mno: kumficha mfadhili hatari iliyopo. Unapomwomba mtu akudhamini, akuhifadhi nyumbani kwake au aseme jina lako mahali, mweleze nani anakudai, nani anakutafuta, na yeye anaweza kupoteza nini. Akikataa baada ya kujua, hajakukosea. Akikubali bila kujua, hakukubali kitu, umemwingiza. Kama maji yameshamwagika, fuata alichofanya Daudi siku hiyo: taja kosa lako kwa jina, bila "bahati mbaya" wala "sikutegemea", halafu toa ulinzi unaoweza kuutoa. Abiathari alikaa naye miaka yote ya utawala.

Wakati akiwa katika pango la Adulamu, Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, akasema kwa sauti. Hakutoa amri. Mashujaa watatu wakasikia, wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao (2 Samweli 23). Wasomaji wengine huona kama aliwadharau. Mimi naona kinyume chake, kwamba aliogopa kuzoea. Mtu mwenye wafuasi waaminifu hana maneno ya bure. Kila anachokitamani kwa sauti kuna mtu atakwenda kukifuata.

Nabali wa Maoni anajulikana, basi nitapita haraka. Kondoo 3,000, mbuzi 1,000, sikukuu ya kukata manyoya, na vijana kumi wa Daudi wanaoomba chochote kilichopo mkononi, kwa kuwa walizilinda mali zake nyikani. Nabali akauliza Daudi ni nani, akamweka kundi moja na watumwa wanaowatoroka mabwana zao. Ukweli alikuwa nao mchunga wake mwenyewe, aliyemwambia Abigaili kwamba watu wale walikuwa ukuta kwao usiku na mchana. Ni vizuri kuliona hili: habari za wema aliotendewa Nabali zilikuwa kwa wafanyakazi wake, na hakuwauliza. Abigaili aliwasikiliza, akapakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa, vipimo vitano vya bisi, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akavitanguliza njiani kabla hajafika yeye. Wanaume 400 wenye panga walikuwa tayari wanakuja.

Lakini upande wa Daudi nao haukuwa safi. Aliapa kuua kila mwanamume wa nyumba ile kwa sababu hakushukuriwa. Wema aliokuwa ameutenda kwa hiari ukageuka ghafla kuwa deni la damu. Ukijikuta unahesabu usiku kucha uliyomtendea fulani na namna alivyokulipa ubaya, uko mahali alipokuwa Daudi njiani kwenda kwa Nabali, na unahitaji mtu wa kukusimamisha kabla hujafika. Yeye alikubali kusimamishwa na mwanamke asiyemfahamu, na akamshukuru kwa kumzuia.

Mara mbili Daudi alimpata Sauli mikononi mwake, pangoni Engedi na baadaye kambini usiku, akamwacha. Mahubiri mengi huishia hapo. Endelea kusoma mstari wa mwisho wa kila tukio. Sauli analia, anakiri, anamwita mwanangu, mara ya pili anamwomba arudi, na Daudi anashika njia yake huku Sauli akirudi kwake. Hakumlipa ubaya, wala hakurudi kuketi tena mbele ya ule mkuki, ambao naye aliwahi kutupiwa. Anayeambiwa kwamba uaminifu unamlazimu arudi kwa mtu aliyekwisha kumtupia mkuki, asome 1 Samweli 26 mpaka mwisho.

Habari za Siklagi, mji alimokuwa akiishi Daudi (1 Samweli 30), ni sura ambayo ningependa kila kiongozi wa kikundi aisome mara kwa mara. Mji umechomwa, wake na watoto wametekwa na Waamaleki, na wanaume 600 wanazungumza juu ya kumpiga Daudi kwa mawe. Wanaanza kuwafuatia adui. Kwenye kijito cha Besori watu 200 wanashindwa kuvuka kwa uchovu, wanabaki na vyombo. Wale 400 wanaendelea, wanashinda, wanarudi na kila kitu na nyara juu yake. Hapo wanatokea watu wabaya kati ya washindi, wanasema waliobaki wapewe wake na watoto wao tu, nyara wasipewe. Daudi anakwenda kwanza kwa wale 200, anawasalimu na kuwauliza hali, kisha anatoa hukumu: fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na vyombo ni sawasawa. Ikawa sheria katika Israeli.

Angalia mpangilio. Salamu ilitangulia hukumu. Wale watu walikuwa wamekaa wakisubiri aibu, na mtu wa kwanza kuwafikia akawauliza hali. Na sababu aliyoitoa haikuwa kwamba nao walifanya kazi kubwa. Alisema kilichopatikana kimetolewa na Bwana. Anayejua kwamba alichonacho alipewa hagombani na mwenzake juu ya nani alichoka wapi. Kwa vitendo: mnapomaliza kazi kubwa ya pamoja, amueni mgawo kabla mali haijaletwa mezani, na muwataje kwa majina waliobaki nyuma, maana wenye kelele watakuwa wale waliokwenda mbele.

Sura ile inaisha na orodha ya miji ambayo wasomaji wengi huiruka. Daudi alipeleka sehemu ya nyara kwa wazee wa Yuda, Betheli, Yatiri, Aroeri, Eshtemoa, Horma, Hebroni na pengine pote ambapo yeye na watu wake walikuwa wakitembeatembea. Yaani alikaa akakumbuka njia alizopita akiwa mkimbizi, akapeleka kitu kila mahali alipohifadhiwa. Kuna waliosema ni siasa, kwa sababu muda si mrefu watu wa Yuda walimpaka mafuta awe mfalme hukohuko Hebroni. Inawezekana yote mawili ni kweli. Mbinu yenyewe inafaa hata hivyo, maana kumbukumbu ya fadhila hufuata mahali kuliko watu. Chukua kalamu, andika kila mahali ulipoishi, uliposoma, ulipofanya kazi na ulipougua, kisha jiulize pale nani alinifungulia mlango. Majina yaliyokuwa yamezama yatakuja yenyewe.

Sauli alipokufa, Wafilisti waliitundika maiti yake ukutani Beth-sheani. Waliokwenda kuitoa hawakuwa jamaa zake. Walikuwa watu wa Yabesh-gileadi, ambao miaka mingi nyuma, Nahashi Mwamoni alipotaka kuwang'oa kila mtu jicho la kuume, Sauli aliwaokoa (1 Samweli 11). Wakatembea usiku kucha, wakazishusha maiti, wakaizika mifupa chini ya mti mjini kwao, wakafunga siku saba. Mtu waliyemlipa hangeweza tena kuwafaa kwa lolote, na kwa mfalme mpya ingeweza kuonekana kuwa ni uasi. Daudi alipopata habari akatuma wajumbe kuwabariki na kuwaahidi kwamba yeye naye atawatendea mema kwa jambo lile. Kiongozi mpya anayewaandama walioomboleza kiongozi wa zamani anawafukuza watu wenye tabia anayoihitaji.

Sasa kile kiapo cha shambani. Yonathani alipokufa, mwanawe Mefiboshethi alikuwa na miaka 5. Mlezi wake alikimbia naye, mtoto akaanguka, akawa kiwete miguu yote miwili. Tunapokutana naye tena katika 2 Samweli 9 ana mtoto wake mwenyewe, Mika. Hesabu mwenyewe. Kwa miaka yote hiyo mwana wa Yonathani alikuwa akiishi Lo-debari, katika nyumba ya Makiri mwana wa Amieli, huku rafiki wa baba yake akitawala, kwanza Hebroni miaka 7 na miezi 6, kisha Yerusalemu. Vita vilikuwapo, kweli. Lakini deni lilichelewa, na halikuanza kulipwa mpaka Daudi mwenyewe alipouliza kama kuna aliyesalia wa nyumba ya Sauli. Mdai hakuja kudai. Wadai wa namna hii huwa hawaji: wanaogopa, wana aibu, au hawajui kwamba waliapiwa.

Alipoamua kulipa, alilipa kwa ukamilifu, na hapa pana vipengele vinne vya kushika. Alianza kwa kumwondolea hofu, maana mjukuu wa Sauli aliyeitwa na mfalme angetegemea upanga. Akamrudishia mashamba yote ya babu yake, ili awe na chake. Akaweka watu wa kuyalima, Siba na wanawe 15 na watumwa 20, kwa kuwa shamba bila mikono ni mzigo kwa mtu asiyeweza kutembea. Na akampa nafasi mezani pa mfalme daima, kama mmoja wa wana wake. Shukrani nyingi hukomea kwenye bahasha. Bahasha ni njema, ila mwenye shida ya kudumu anahitaji pia mpango wa kudumu, na anahitaji kuonekana akikaa mahali penye heshima. Kosa la Daudi lilikuwa moja: alimkabidhi Siba kila kitu bila msimamizi wa pili. Siba, mtumishi wa nyumba ile, akawa mlango pekee kati ya mfalme na Mefiboshethi.

Kisha inakuja sura ya 11. Uria Mhiti, mgeni kwa asili, ametoka vitani Raba kwa amri ya mfalme, na anakataa kwenda kulala kwake huku sanduku la agano na wenzake wakikaa vibandani. Analala mlangoni pa mfalme. Analeweshwa, bado anakataa. Uaminifu wake ndio uliouharibu mpango wa Daudi wa kuficha alichokifanya na Bathsheba, mke wa Uria, na barua ya kumwua alipewa aipeleke kwa Yoabu, jemadari wa jeshi, yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na wasiwasi kwamba Uria angeifungua. Kwangu hii ndiyo sura ya kutisha kuliko zote. Yale mawazo kwamba mtu mwaminifu atalindwa na uaminifu wake yanavunjika hapo. Kinachobaki ni kwamba Biblia haikumfuta: orodha ya mashujaa wa Daudi, watu 37, inafungwa kwa jina la Uria Mhiti. Mwenye mamlaka juu ya watu waaminifu ajiulize swali moja gumu kila baada ya muda: kati ya walio chini yangu, nani ninamtumia vibaya kwa sababu tu najua hatalalamika?

Absalomu, mwana wa Daudi, alipoasi, Daudi akatoka Yerusalemu kwa miguu, analia. Katika msafara ule anaonekana Itai Mgathi na watu 600 waliotoka Gathi. Daudi anamwambia arudi. Umekuja jana tu, nitakutangishaje leo? Itai anaapa kwamba alipo bwana wake, kwa kufa au kwa kuishi, atakuwapo. Daudi anampa ruhusa ya kupita, na siku ya vita anamkabidhi theluthi ya jeshi, sawa na Yoabu na Abishai. Namna moja ya kumshukuru mtu mwaminifu ni kumwamini kwa kazi.

Kwa Hushai Mwarki alifanya tofauti. Rafiki yule alikuja na joho lililoraruliwa na udongo kichwani, tayari kufuatana naye nyikani. Daudi akamwambia kwamba wakienda pamoja atakuwa mzigo. Akirudi mjini ataweza kuuvunja ushauri wa Ahithofeli, mshauri wa Daudi aliyehamia upande wa Absalomu. Akampa na watu wa kumpelekea habari: makuhani Sadoki na Abiathari, na wana wao wawili wa kukimbia na ujumbe. Kazi ile ilikuwa ya udanganyifu, na sitaipamba. Ila kuna somo kwa wote wawili. Anayetaka kusaidia aulize anahitajika wapi, hata kama pale si mahali pa kuonekana. Anayesaidiwa awe na ujasiri wa kusema, hapa hutanifaa, kule utanifaa.

Juu kidogo ya mlima Siba akatokea na punda wawili, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 ya wakati wa hari na kiriba cha divai. Bwana wako yuko wapi? Amebaki Yerusalemu, anatumaini kurudishiwa ufalme wa babu yake. Na Daudi, mwenye njaa, amechoka, amesalitiwa na mwanawe, akampa Siba mali yote ya Mefiboshethi palepale. Hakuuliza mlemavu angetokaje mjini kama punda wake wamechukuliwa na mtumishi wake. Mithali 18:17 inasema anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Zawadi iliyofika saa ya njaa ilinunua hukumu.

Vita vilipokwisha Mefiboshethi alikuja kumlaki mfalme. Miguu haikutunzwa, ndevu hazikukatwa, nguo hazikufuliwa tangu siku mfalme alipoondoka mpaka siku aliporudi kwa amani. Ushahidi wa namna hiyo hautengenezwi kwa siku moja. Akaeleza kwamba mtumishi alimdanganya na kumsingizia. Daudi, badala ya kusikiliza kesi, akasema ya nini kusema zaidi, gawaneni shamba. Mefiboshethi akajibu basi Siba achukue yote, maadamu bwana wangu amerudi salama. Wapo wanaoitetea hukumu ile kwamba Daudi hakuwa na njia ya kujua ukweli. Mimi sikubali, alikuwa na shahidi aliyesimama mbele yake na ndevu zake. Alichoka tu, na kukiri kwamba alihukumu vibaya mara ya kwanza kungekuwa na gharama. Kanuni tatu zinatoka hapo. Usimhukumu mtu aliyekufaa kwa maneno ya anayefaidika na anguko lake. Usitoe uamuzi wa mali ukiwa na njaa, msiba au hofu; pokea chakula, shukuru, ahirisha lingine. Na ukigundua umekosea, rudisha chote: nusu ya mali haitoshi kwa mtu uliyemchafulia jina zima.

Huko Mahanaimu, ng'ambo ya Yordani, watu watatu walimpokea Daudi mkimbizi na vitanda, mabakuli, vyombo vya udongo, ngano, shayiri, unga, bisi, kunde, dengu, asali, siagi, kondoo na jibini. Walifikiria watu wana njaa, kiu na uchovu, wakaleta na pa kulala na pa kuchotea. Majina yao ni Shobi mwana wa Nahashi kutoka Raba ya Waamoni, Makiri wa Lo-debari na Barzilai Mgileadi. Msomaji makini atasimama kwenye jina la pili. Makiri ndiye aliyekuwa akimlea Mefiboshethi kabla Daudi hajauliza habari zake. Andiko halisemi kilichomsukuma. Lakini alikuwa amemwona yule kijana akichukuliwa kutoka nyumbani kwake na kuketishwa mezani pa mfalme.

Absalomu akafa. Daudi akajifungia juu ya lango analia, na jeshi lililomwokoa likaingia mjini kwa kunyemelea, kama watu walioona aibu kwa kukimbia vita. Yoabu akamwendea na maneno makali: umewatahayarisha leo waliookoa maisha yako, unawapenda wanaokuchukia na kuwachukia wanaokupenda, usipotoka ukasema nao, hata mmoja hatabaki nawe usiku huu. Yoabu ndiye aliyemwua Absalomu kinyume cha amri, kwa hiyo hakuwa mtu wa kumfariji mfiwa. Hata hivyo alisema kweli. Daudi akainuka, akaketi langoni, watu wote wakaja mbele yake. Uchungu wake haukuwa umekwisha. Katika msiba, waliokusimamia hawahitaji ufurahi. Wanahitaji wakuone, dakika chache, uketi mahali wanapoweza kukufikia. Ukishindwa kusema, ketisha hata mwili wako.

Barzilai, mwenye miaka 80, alimsindikiza mfalme hadi Yordani. Daudi akamwalika Yerusalemu atunzwe. Mzee akakataa kwa adabu: sina siku nyingi, sionji ninachokula wala ninachokunywa, sisikii sauti za waimbaji, kwa nini niwe mzigo? Niache nife mjini kwangu karibu na kaburi la baba yangu na mama yangu. Ila huyu hapa Kimhamu, avuke nawe. Daudi hakumbembeleza kupita kiasi wala hakununa. Akamchukua Kimhamu, akasema atamtendea lile litakaloonekana jema kwa Barzilai, akambusu mzee, akambariki. Wanaotaka kulipa fadhila hukosea sana hapa, wanapomsukumia mfadhili zawadi inayowapendeza wao. Mzee wa kijijini hahitaji nyumba ya mjini kwa sababu tu wewe unaiweza. Muulize, akikataa kwa ajili yake, mara nyingi atataja mtoto, mjukuu au mtu anayemlea. Humo ndimo deni linapolipika.

Lilikuja pia dai la Wagibeoni, ambao Sauli aliwaua watu wao, kwamba watolewe watu saba wa uzao wake. Daudi akawatoa, habari nzito isiyoelezeka kirahisi, lakini Mefiboshethi akamwachilia kwa sababu ya kiapo kati yake na Yonathani. Kilikuwa bado kinafanya kazi.

Kitandani, akimwusia Sulemani (1 Wafalme 2), Daudi alitaja wana wa Barzilai: wawe miongoni mwa walao mezani pako, kwa kuwa walinijia nilipomkimbia Absalomu. Alitaja tukio na sababu, ili mrithi asiyekuwapo ajue anachokilipa. Wazazi wenye madeni ya fadhila waandike hivyohivyo, jina, mwaka, alichotutendea, nini kimeshalipwa na nini bado, na wawaambie watoto wangali wana akili timamu. Katika wosia uleule alimkumbusha Sulemani habari za Shimei, aliyemlaani njiani na ambaye alimwapia kwamba hatamwua. Orodha ya fadhila na orodha ya visasi zilitoka kinywa kimoja, jioni ileile ya maisha. Ukiandika wosia, andika ya kwanza peke yake.

Sulemani alikutana na jambo hilohilo mapema katika utawala wake. Abiathari, yule aliyenusurika Nobu, alikuwa amemuunga mkono Adoniya, ndugu yake Sulemani, katika kugombea kiti. Kwa sheria za nyumba za kifalme alistahili kufa, na mfalme alimwambia hivyo. Kisha akamwambia hatamwua leo, kwa sababu alilichukua sanduku la Bwana mbele ya Daudi na aliteswa katika mateso yote ya baba yake. Akamwondoa katika ukuhani, akamwambia aende Anathothi, kwenye mashamba yake.